Shajara ya mradi: Mama wa Mateso kwa wino mweusi na kijivu, begani mpaka kiwiko

Mei 6 – Kazi yenyewe

Nimeamua kuandika huu mradi hatua kwa hatua maana kila nikitafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu tatuu za alama za dini kwa nyeusi na kijivu nakutana na picha za kazi zilizokwisha tu, hakuna anayesema ilifikaje pale, nini kilikataa, muda gani umeliwa. Ntaongeza kila hatua ikiisha. Anayetaka kuiga aige.

Mteja ni dada mmoja Mkatoliki, ngozi yake ni nyeusi, na anataka Mama wa Mateso, yaani Bikira Maria katika uchungu wake, mkono wa kulia kuanzia begani mpaka juu kidogo ya kiwiko. Alivyotaja ni uso wa Bikira Maria, moyo wenye mapanga, rozari inayozunguka mkono, na nuru nyuma ya kichwa. Iwe imepona kabla ya tarehe 15 Septemba, ndo sikukuu ya Mama wa Mateso.

Tumeongea kwanza mambo mawili. La kwanza ni makovu, kama ngozi yake ina tabia ya kuotesha keloidi (kovu linalovimba na kuinuka), kasema hapana, akanionyesha kovu la zamani na limelala vizuri. La pili nilimuuliza kama Walawi 19:28 inamsumbua, ule mstari unaokataza kuandika alama mwilini, kwa sababu sipendi mtu aje kujuta juu ya kitu kitakatifu nilichomchora mimi. Akanijibu, "Kaka, hili nimeshaliombea, wewe chora tu." Basi. Hata mimi najua Wakristo wa Kikopti wa Misri wanachora msalaba kwenye kifundo cha mkono vizazi na vizazi, na mahujaji walikuwa wanarudi kutoka Jerusalem na alama ya tatuu, kuna msafiri wa Scotland, William Lithgow, alichorwa kule mwaka 1612. Kwa hiyo wino na imani havijakutana jana.

Mei 11 – Kuzijua alama kabla ya penseli

Hii hatua watu wengi wanairuka na ndo inayoharibu kazi. Picha aliyoniletea ya mfano kaikuta mtandaoni, imechorwa vizuri sana kiufundi lakini alama zimechanganywa, kuna moyo wa Maria umefungwa taji la miiba. Taji la miiba ni la Moyo Mtakatifu wa Yesu, ule wenye msalaba juu, miali ya moto, miiba na jeraha la mkuki, ibada iliyoenea kutokana na maono ya Mtakatifu Margareta Maria Alacoque kule Paray-le-Monial Ufaransa miaka ya 1673 mpaka 1675. Moyo Safi wa Maria wenyewe unazungukwa na mawaridi na kuchomwa upanga mmoja. Afu kuna Mama wa Mateso, huyu ana mapanga saba, kila panga na teso lake: unabii wa Simeoni, kukimbilia Misri, Yesu kupotea na kupatikana hekaluni, kukutana naye njiani akiwa na msalaba, kusulubiwa, kushushwa msalabani, na kuzikwa. Panga lenyewe linatoka kwenye Luka 2:35, Simeoni alipomwambia Maria kwamba upanga utaingia moyoni mwake.

Nilimweleza dada yule hivyo hivyo na tukakubaliana mapanga saba, miiba itoke. Mawaridi pia yametoka ingawa aliyapenda, maana ukiweka mapanga saba na mawaridi kwenye nafasi ile ile jicho halijui liangalie nini.

Duara la nuru nalo lina mwenyewe. Lenye msalaba ndani yake ni la Kristo, Maria anapata la kawaida au nyota kumi na mbili za Ufunuo 12:1. Nimeona tatuu kibao ambazo Maria kavalishwa la Kristo, na mchoraji kapiga shedi (vivuli) safi kabisa, unabaki unasikitika.

Na rozari. Alisema rozari nikawaza ile ya kawaida ya shanga 59, yaani 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Kumbe anayosali yeye ni rozari ya Mateso Saba, mafungu saba ya shanga saba saba, kati ya fungu na fungu kuna medali, na mwishoni shanga tatu. Ya kwake inamalizika na msalaba mdogo. Nimeomba aniletee niipige picha niishike mkononi, kiukweli kuishika kumenisaidia kuliko picha zote, nimeona jinsi medali zinavyogeuka upande na shanga zinavyobanana pale inapolala.

Mei 19 – Skechi ya kwanza, moyo umepotea

Hapa ndo kuna somo kubwa la mradi mzima kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Nilichukua michoro ya zamani ya rangi ya Mama wa Mateso niiangalie mpangilio wake. Karibu yote Maria kavaa joho la buluu na gauni jekundu, moyo mwekundu, nuru ya dhahabu. Nikaiingiza mmoja kwenye programu ya kuchorea kwenye tableti nikaondoa rangi, nikitegemea ntapata ramani ya kijivu niifuate. Nilichopata ni moyo uliozama kabisa ndani ya gauni. Ukiangalia sababu ni rahisi, wekundu wa moyo na wekundu wa gauni vina uzito mmoja wa giza, na hata buluu ya joho ilikuwa na giza linalokaribiana na wekundu ule, kwa hiyo rangi zilipotoka vyote vikawa kijivu kimoja. Kwenye picha ya rangi, rangi ndo ilikuwa inasema "hapa ni mbinguni, hapa ni damu, hapa ni utukufu". Ukiitoa, hiyo kazi ya kusema lazima ipewe kitu kingine na programu haiwezi kukuamulia ni kitu gani.

Kwa hiyo nikaacha kufuata picha. Nikachukua karatasi nikachora maumbo matupu, nikagawa upya nani awe giza na nani awe mwanga:

Joho limekuwa nyeusi kabisa hasa mikunjo ya pembeni. Kitambaa cha ndani kinachozunguka uso kimeachwa ngozi tupu na vivuli vichache sana. Gauni nyuma ya moyo limekuwa giza la kati linaloingia kwenye nyeusi, na moyo wenyewe umezungushiwa miali ya moto ambayo ni ngozi tupu. Yaani miali sio pambo tena, ndo inayotenganisha moyo na gauni. Niliporudi nyuma hatua kadhaa na kufinya macho moyo ulionekana kabla ya uso, halafu uso, halafu mapanga. Huo ndo mpangilio niliokuwa nautaka.

Wanaoanza, hii ya kufinya macho msiidharau. Kama moyo unapotea ukifinya macho leo kwenye karatasi, utapotea kabisa kwenye ngozi miaka mitano ijayo.

Mei 27 – Mapanga saba na mkono wa mviringo

Kwenye karatasi mapanga yalikaa freshi, matatu kushoto manne kulia, yamefunguka. Nikazungushia karatasi kwenye mkono wa rafiki yangu, na ukimtazama kwa mbele unaona manne. Mengine yameenda nyuma ya mkono. Kwa muundo mwingine ingekuwa sawa tu lakini hapa idadi ndo maana yenyewe, mtu akihesabu manne hajamwona Mama wa Mateso.

Jaribio la kufuata lilikuwa kubana yote saba kwenye upana wa nje wa mkono, kama sentimita tisa hivi. Yakaingia yote, ila nafasi kati ya mistari ikawa chini ya milimita moja. Wino hausimami pale ulipouweka, unatanuka kidogo kidogo chini ya ngozi miaka inavyoenda, mistari iliyobanana inakuja kushikana inakuwa doa. Hiyo nikaitupa.

Kilichofanya kazi ni kubadilisha panga lenyewe. Nimeacha kulichora kwa mistari miwili ya pembeni. Kila panga sasa lina upande mmoja mweusi unaofifia kuelekea katikati, upande wa pili ni ngozi tupu, na huo upande mtupu unaonekana kwa sababu ya giza la gauni lililo nyuma yake. Mstari mmoja badala ya miwili, nafasi imepatikana. Afu ncha zote zimekutana kwenye moyo lakini mishikio imepanda juu kuelekea bega kwa mfumo wa feni nyembamba, haijatanuka kwenda pembeni. Mishikio nimeifanya mikubwa kupita uhalisia, ya msalaba wa wazi, kwa sababu jicho linahesabu mishikio, halihesabu ncha. Nimepima tena kwenye mkono, yote saba yanaonekana ukisimama mbele yake kidogo upande wa nje.

Gharama ya hatua hii ni karatasi nyingi na wiki nzima ya jioni zangu. Sijutii.

Juni 4 – Nuru inatoka wapi

Kwenye kazi ya nyeusi na kijivu lazima uamue taa iko upande gani kabla hujapiga shedi hata moja, hilo kila mtu anajua. Kwenye kazi ya dini kuna tatizo la ziada maana vitu vyenyewe vinawaka. Duara la nuru linawaka, moyo unawaka moto, na bado una mwanga wa kawaida.

Nilijaribu kwanza moyo uwe ndo taa. Nilipenda wazo, moto wa upendo unamulika uso wa mama. Matokeo yake uso ukapata mwanga kutoka chini, kivuli cha pua kikapanda juu, matundu ya macho yakageuka, akaonekana kama mtu anayejimulika tochi chini ya kidevu kutisha watoto. Mtu anayelia kwa uchungu akawa anatisha. Hakuna ufundi wa shedi unaoweza kuokoa uso uliomulikwa kutoka chini, uchungu unahitaji paji la uso lipate mwanga na macho yaingie kivulini.

Nikajaribu duara la nuru liwe taa. Hapo mwanga unatoka nyuma ya kichwa kwa hiyo uso wote unaingia gizani. Kwa ngozi nyeupe labda ungeweza kucheza nayo, kwa ngozi nyeusi uso mzima ungepotea.

Nimeishia hivi: mwanga unatoka juu kulia, sehemu moja tu, uso, mikono na joho vyote vinafuata huo. Miali ya moyo inamulika vidole viwili vilivyo karibu nayo basi, haifiki usoni. Duara la nuru halimuliki kitu chochote, lenyewe ni ngozi iliyoachwa wazi.

Mikono nilijizoeza kwa kunakili ile mikono inayosali ya Albrecht Dürer ya mwaka 1508, iko jumba la makumbusho la Albertina kule Vienna. Watu wanaichora kwenye tatuu kila siku lakini wachache wanaangalia imetengenezwaje. Ni brashi juu ya karatasi ya buluu, giza kaliongeza kwa wino na mwanga kauongeza kwa rangi nyeupe, karatasi yenyewe ndo uzito wa kati. Sisi kwenye ngozi hatuna huo uhuru, ngozi ya mteja ndo mwanga wa juu kabisa tutakaoupata. Kwa hiyo ukinakili Dürer moja kwa moja unakwama, vile vistari vyeupe kwenye vifundo vya vidole havina mbadala. Nilichora upya kwenye karatasi ya kahawia nikitumia penseli nyeusi tu, hakuna nyeupe kabisa, mpaka vifundo vikatokea kwa kuachwa wazi. Zoezi hili nampa kila mtu anayefanya kazi kwenye ngozi nyeusi.

Juni 12 – Duara la nuru na miali

Fupi. Miali niliyoichora kwa mistari myeusi inayotoka kichwani ilionekana misumari. Nimefuta mistari yote. Sasa nyuma ya kichwa kuna shedi laini nyeusi inayofifia kwenda nje, na miali ni nafasi zisizopigwa shedi, hazina mpaka wowote. Pembeni kabisa mwa duara ndo nyeusi ilipo nzito kuliko kote, ndo maana ngozi ya ndani yake inaonekana inang'aa ingawa ni ngozi ile ile.

Nilikumbuka ile picha ya Mama wa Guadalupe, ambayo Wamexico wanaihusisha na Bikira Maria kumtokea Juan Diego mwaka 1531. Miali yake inazunguka mwili mzima kwa hiyo umbo la nje peke yake linatosha kumtambua hata ukiona kivuli tu. Na ndo picha iliyozaa nusu ya mtindo huu tunaoufanya. Nyeusi na kijivu kama tunavyoijua imekulia kwa Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Mexico, wa California, kwenye magereza yao, ambako rangi haikuwepo, mashine zilitengenezwa kwa mota za redio kaseti na waya wa gitaa ukawa sindano, wino ukatoka kwenye masizi. Mwaka 1975 Charlie Cartwright na Jack Rudy wakafungua Good Time Charlie's Tattooland East Los Angeles wakaleta huo ufundi wa sindano moja dukani, na Freddy Negrete aliyekuwa amejifunza ndani akaja kufanya kazi hapo. Waliokuwa wanachorwa wengi ni Wakatoliki waliokuwa mbali na mama zao, kwa hiyo Bikira Maria, moyo, rozari na mikono inayosali vilikuwepo kwenye mtindo huu tangu mwanzo, havikuja baadaye. Nikiwaza hilo naona vibaya mtu anapoviweka kujaza nafasi.

Juni 20 – Wino kwenye ngozi bandia

Nilichanganya vikombe vinne vya kijivu, wino mweusi na maji yaliyochemshwa kitaalamu yasiyo na madini, kutoka hafifu mpaka nzito, jumlisha nyeusi yenyewe. Nikajaribu kwenye ngozi bandia ya kahawia, sio ile nyeupe wanayouza wengi. Nyeupe inakudanganya, kila kijivu kinaonekana.

Kwenye kahawia viwili vya chini havikutofautiana na ngozi, kabisa. Ungepiga shedi nusu saa usione umefanya nini, na kwenye mtu halisi hiyo nusu saa ni maumivu na ngozi kuchoshwa bure, na ngozi ikichoshwa ndo makovu yanapotokea. Nimebaki na vikombe viwili tu, cha kati na kizito, na nyeusi. Hivyo uzito wote ni minne: ngozi, kati, nzito, nyeusi. Nimelazimika kurudi kwenye muundo nikaondoa vivuli vyote vya katikati ya katikati, hasa kwenye kitambaa cha kichwani, mikunjo imepungua na ile iliyobaki imekuwa mipana.

Wino mweupe sitautumia. Kwenye ngozi nyeusi ukipona unaelekea rangi ya ngozi au unakuwa na manjano, kuutegemea kwa machozi ni kujenga juu ya kitu kitakachoondoka.

Chozi nimelifanyia mazoezi peke yake. Ni moja tu, chini ya jicho la kushoto. Ngozi tupu umbo la tone, chini yake ukingo mmoja mweusi mwembamba kwa sindano tatu za mstari zilizofungwa pamoja, juu yake shavu limepigwa kijivu cha kati ili tone litokeze. Ukingo ukizunguka tone lote linakuwa kidonda. Ukingo wa chini peke yake, basi.

Juni 26 – Mkono umebadilika

Dada kapiga simu, anataka mkono wa kushoto. Sababu yake nzuri tu, moyo uko kushoto. Kwenye programu kugeuza ni kugusa mara moja, na uso ulitakiwa kugeuka kweli maana sura inatakiwa itazame mbele kuelekea kifua, isitazame mgongoni.

Lakini baada ya kugeuza nikakuza kila kipande kimoja kimoja. Ule msalaba mdogo mwisho wa rozari uligeuka nao. INRI, zile herufi za juu ya msalaba, ikawa inasomeka kinyume, hiyo ya wazi. Isiyo ya wazi ni kwamba kichwa cha Kristo kikawa kimelalia kushoto kwake na jeraha la ubavuni limehamia kushoto, wakati kwenye sanaa ya Kanisa la Magharibi kwa kawaida kichwa kinalalia kulia na jeraha liko ubavu wa kulia. Mtu wa kawaida hataona, ila padre ataona, na huyu dada anakaa mbele ya padre kila Jumapili. Msalaba nimeurudisha ulivyokuwa kwenye leya yake (tabaka la mchoro kwenye programu) peke yake. Mwanga nao nimeurekebisha, sasa unatoka juu kushoto, hivyo vivuli vya msalaba vimechorwa upya. Na chozi limehamia jicho la kulia pamoja na uso, hilo halina shida.

Akauliza pia kama picha inaweza kugeuzwa imtazame yeye, ili akiinamisha macho aione imesimama wima. Hili wateja wengi wanaliomba. Nikamwambia, "Dada, ukiigeuza hivyo, ukishusha mkono mama anasimama kwa kichwa na msalaba unakuwa juu chini." Msalaba uliopinduka wenyewe sio kitu kibaya, mapokeo yanasema Petro alisulubiwa hivyo, ila hiyo ni habari ya Petro, sio ya kwake. Nikampeleka kwenye kioo nikamzungushia karatasi mkononi, akajiona, akasema iache ilivyo.

Julai 1 – Kikao cha kwanza

Uso, kitambaa, joho, duara la nuru. Kama saa sita pamoja na mapumziko. Stensili (nakala ya mchoro inayobandikwa kwenye ngozi) ya zambarau kwenye ngozi nyeusi haionekani vizuri, hasa ukishafuta futa, kwa hiyo mistari muhimu nilipitia juu kwa kalamu nyekundu ya kuchorea ngozi kabla ya kuanza. Uso nilianza nao akiwa bado na nguvu, sindano tatu za mstari kwa kope na midomo, joho kwa magnum iliyopinda ya kumi na moja, yaani sindano pana ya shedi. Kina hakizidi milimita mbili, na nilipita mara moja mahali pengi, nyeusi ya joho tu ndo nilirudia. Hakuna cha kusimulia zaidi, mazoezi ya mwezi mzima yalibeba.

Julai 22 – Kikao cha pili, rozari imesumbua

Moyo na mapanga vilienda kama vilivyopangwa.

Rozari hapana. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi: shanga 49 za milimita tano na medali saba za milimita nane, jumla kama sentimita 30, karibu sawa na mzunguko wa mkono wake juu ya kiwiko, zile tatu na msalaba zinaning'inia upande wa nje. Stensili niliibandika akiwa amekaa kaegemeza mkono. Aliposimama na kushusha mkono, shanga za upande wa ndani zikawa mayai. Ngozi ya ndani ya mkono ni nyembamba na inavutika sana, ukiuzungusha mkono kidogo tu kila kitu kinahama.

Tukafuta yote. Nikabandika tena akiwa amesimama, mkono umelegea, lakini nusu ya nje tu. Nusu ya ndani nimechora kwa mkono kwa kalamu ya ngozi, shanga moja moja, namwambia aukunje mkono, aunyooshe, natazama, nasahihisha. Imekula karibu saa nzima kabla ya sindano kugusa ngozi. Hesabu nilimpa aifanye mwenyewe kwenye kioo na rozari yake mkononi, akahesabu kwa kusali, fungu kwa fungu, kwenye fungu la tano akasimama akasema, "Kaka, hapa ni sita." Ni kweli, zilikuwa sita. Nikaongeza moja kwa kusogeza medali.

Kila shanga ina mduara, nyeusi chini kulia, na kitone cha ngozi juu kushoto kufuata mwanga ule ule. Za upande wa ndani nimezipiga kwa mkono mwepesi zaidi maana pale wino unasambaa haraka ukizama.

Septemba 3 – Imepona

Wiki sita tangu kikao cha mwisho, sasa ndo inafaa kuhukumu, kabla ya hapo ngozi bado inadanganya.

Joho limekaa nyeusi kweli. Duara la nuru ndo ninachokipenda kuliko vyote, ngozi tupu inang'aa pale bila kuwekewa kitu. Mapanga saba yanahesabika ukiwa umesimama hatua kadhaa. Kijivu cha kati kwenye shavu kimepungua kuliko nilivyotegemea, kwa hiyo chozi halijatokeza vya kutosha, na shanga tatu za upande wa ndani zimepauka upande mmoja. Hakuna kovu lililoinuka.

Kwa anayetaka kupanga kazi ya aina hii: muundo umekula wiki saba, sindano zenyewe kama saa kumi na moja kwa vikao vyote viwili, ngozi bandia kadhaa, na stensili mbili za rozari zilizotupwa. Ukipunguza muda punguza kwenye sindano kwa kurahisisha vivuli, ile wiki ya kuzijua alama usiiguse.

Marekebisho ni Oktoba, baada ya sikukuu yake: kijivu cha shavu kizidishwe hatua moja kuzunguka chozi, zile shanga tatu zirudiwe, na ukingo wa nje wa duara la nuru uongezwe nyeusi upande wa bega ambako umeanza kufifia. Ntaandika tena hapo.